Mzima Namba Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hii hii nimemeza mpira. Profesa, mkuu wa maabara yetu, amekuwa akilalamika wiki nzima kwamba wagonjwa wa pumu amewapata wa kutosha, ila wazima wa kuwalinganisha nao wanamkimbia. Si ajabu. Nani mwenye akili zake, haumwi chochote, akubali kuingizwa mpira wenye kamera puani mpaka kwenye mirija ya hewa, akwanguliwe seli kwa brashi? Nikanyoosha mkono. Mimi na kiherehere changu.

Nesi aliniuliza maswali yake. Unakohoa? Hapana. Umewahi kubanwa kifua? Hapana. Nikapuliza kimashine cha kupimia pumzi, nikapita. Kikohozi cha jioni sikukitaja kwa sababu kile ni moshi tu. Napikia mkaa, na mvua ikinyesha jiko linaingia ndani. Nani asingekohoa?

Mdogo wangu alimeza mpira kabla yangu, kwenye kundi la wagonjwa. Yeye ndiye mwenye pumu nyumbani kwetu tangu utotoni. Alitoka machozi yakimtiririka, akanichapa kofi la bega. "Dada, wewe na kazi yako hii mtaua watu!" Ilipofika zamu yangu nesi alikuwa ameishiwa vifuniko vyeupe, kichupa changu akakifunga kwa kifuniko cha kijani. Juu yake akabandika: Mzima 9, K, yaani wa kike. Nani ni nani anajua nesi peke yake. Ndivyo utaratibu unavyotaka.

5 Machi

Koo linawasha. Profesa kanipa pole na kazi ya ziada.

7 Machi

Mama kaniuliza tena, kwa mara ya mia, hasa tunafanya nini huko kazini.

"Tunapima jeni, Mama."

"Mnazipima kwa mizani?"

Nikamweleza hivi: kila seli ina jeni zote, kama nyumba iliyofungwa swichi zote ukutani. Sisi tunakwenda kuangalia taa zipi zimewashwa. Za kinga ya mwili zinatakiwa ziwake adui akija. Kwenye mirija ya hewa ya mwenye pumu unazikuta zinawaka mchana kweupe, adui hayupo.

Mama akafikiri. "Kumbe Yai anatuunguzia umeme."

Tulicheka mpaka Yai akabanwa, ikabidi avute pampu yake ya pumu. Mama anamwita mdogo wangu Yai kwa kuwa analindwa asivunjike. Mimi ananiita Chuma. Kazi za nyumba zimegawanywa kwa majina hayo. Chuma anapika, anachota maji, anapandisha gunia la mkaa ngazini. Yai anafungiwa chumbani ili moshi usimfikie. Mlango wa chumba chetu umeliwa chini na maji, haushiki mpaka uvute komeo la nje, na ule uwazi wa chini unauziba kwa kitambaa. Kila jioni mimi ndiye ninayemfungia.

"Unanifungia kama kuku," analalamika.

"Kuku hana simu. Tulia."

12 Machi

Mvua. Ukuta wa jikoni umeota kuvu. Nimeusugua, kesho utaota tena.

14 Machi

Leo nimevuta pampu ya Yai. Haya, nimeandika.

Nilikuwa nachochea jiko, kifua kikafunga kana kwamba mtu mzima amekikalia. Mama alikuwa sebuleni anashona kifungo. "Chuma, unakohoa?" "Moshi tu, Mama." Yai alikuwa bafuni. Nikaingia chumbani, pampu ipo dirishani mahali pake, nikavuta. Hewa ikaingia hadi chini kabisa, mahali ambapo hata sikumbuki lini mara ya mwisho ilifika. Nilitaka kulia kwa utamu wake. Halafu nikashikwa na hasira, maana mimi si mtoto na kazi yangu ninaijua. Aliyepaliwa na moshi haponi kwa pampu.

Nikarudi jikoni nikageuza wali.

15 Machi

Moshi tu.

18 Machi

Tena. Alikuwa anaoga.

19 Machi

Tena. Yai anaoga sana msimu huu, au ni mimi ninayemsubiri aoge.

Ijumaa, 22 Machi

Siku nzima nimeinamia barafu. Nimetoa ujumbe wa jeni kwenye vichupa vyote vya Jumatatu ile. Ujumbe huo unaharibika upesi kuliko maziwa, ukizubaa tu umekwisha. Glavu juu ya glavu, pua mbali, mdomo kimya. Nusu ya kila kichupa nimeirudisha kwenye friza, nusu nimeifanyia kazi. Nilipofika kwenye kifuniko cha kijani nikakiambia, haya mama, twende kazi. Kila kichupa nimekifungua peke yake, kila kimoja kwa ncha mpya ya pipeti. Katika mambo mengine mimi ni mzembe, Mama ni shahidi. Katika hili, hapana.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa masika. Profesa hajasema atauongeza wala hatauongeza. Nyumbani aliyeajiriwa ni mimi tu. Dawa za Yai, kodi, mkaa, vyote vimening'inia kwenye mikono hii miwili.

28 Machi

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki. Nimevuta mara mbili.

Jumanne, 2 Aprili

Nina hasira, nina hofu, na sina wa kumwambia, kwa hiyo naandika.

Bwana Grafu katuita mimi na Profesa mbele ya kompyuta yake. Huyu ndiye mtaalamu wetu wa takwimu. Hajawahi kushika kichupa maishani mwake, lakini kukisema vibaya anaweza. Kwenye kioo kulikuwa na nukta: za buluu ndio wazima, zimejikusanya kushoto, taa zao za kinga zimezimwa, wametulia zao. Nyekundu ndio wagonjwa, wametawanyika kulia, kila mtu anawaka kivyake. Na kulia kule kule, katikati ya wekundu, nukta moja ya buluu, imegandana na nyekundu moja hivi kwamba hata wembe haupiti.

"Wa buluu ni Mzima 9," alisema Bwana Grafu. "Jirani yake ni Mgonjwa 22, wa kike. Waoneni. Utasema wamezaliwa tumbo moja."

Akacheka. Jumatatu ile mgonjwa wa kike alikuwa mmoja tu, na analala kitanda cha pili chumbani kwangu.

Profesa hakucheka. Alivua miwani. "Binti, umemimina kichupa kimoja mara mbili."

"Sijamimina, Profesa."

"Mtu mzima wa afya hawi hivi. Na watu wawili wasiojuana hawafanani hivi. Kama hukumimina, nieleze."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nilikuwa na jibu, lenye kifuniko cha kijani. Lakini nikilitoa, nasema nini? Kwamba nina pumu. Kwamba Chuma hayupo. Nikilimeza, basi mimi ni fundi mchafu, na fundi mchafu haongezewi mkataba. Ama mikono yangu mibovu, ama kifua changu. Wamenipa nichague kiungo.

"Nitarudia kazi," nikasema.

3 Aprili

Sikula. Mama kauliza. Nikasema nimeshiba kazini.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimerudia kwa ile nusu iliyobaki kwenye friza, Bwana Grafu kasimama nyuma yangu saa zote akipumua kwa kelele, mwenye bahati zake. Majibu yale yale. Nukta zile zile, zimegandana vile vile.

"Basi makosa yalianza mapema zaidi," Profesa alisema. "Yalianza siku ya kupokea vichupa." Na aliyevipokea ni mimi pia. Sauti yake haikuwa kali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alieleza kama anavyowaeleza wanafunzi: kikichanganywa kichupa kimoja, hakuna cha siku ile kinachoaminika. Mwisho wa mwezi kundi lote la Jumatatu litatupwa, isipokuwa mtu alete maelezo.

Kundi lote. Watu wamelia wakimeza mpira ule. Yai alikohoa damu kidogo siku ya pili yake, akaniambia si kitu, alimradi inasaidia.

9 Aprili

"Dada, majibu yetu vipi?" Yai kauliza kupitia mlangoni. Nilikuwa nimeshavuta komeo, jiko linawaka.

"Bado."

"Mbona yamechelewa? Au mnanipika na mimi huko?"

Sikujibu kwa sababu kikohozi kilinishika. Mama akaja mpaka jikoni, jambo asilolifanya mara nyingi, magoti yanamsumbua. Akanitazama.

"Moshi tu," nikasema.

"Afadhali." Akanipangusa jasho kwa upindo wa kanga yake kama vile nina miaka minne. "Usije ukaniugulia na wewe, mwanangu. Huyu mmoja tu roho yangu haitulii. Wewe ukilala chini, sote tumelala."

Alisema kwa mapenzi matupu. Heri angenipiga.

12 Aprili

Tena. Pampu imekuwa nyepesi mkononi. Kesho nitanunua nyingine niiweke mahali pake, hatajua.

13 Aprili

Nimechelewa kutoka. Kesho.

16 Aprili

Barabara imefurika, duka la dawa nimeliona kwa mbali kama kisiwa. Kesho, Mungu akipenda.

19 Aprili

Profesa kapita mezani kwangu bila salamu. Nimeshika pipeti mkono ukitetemeka, mimi ambaye mkono wangu hautetemeki. Sasa hata wao wakinitazama wanaona fundi mchafu, na mimi nimeanza kumwona.

Jumapili, 21 Aprili

Naandika polepole. Yai amelala, anapumua. Nasikiliza kila pumzi.

Tulikuwa tumemaliza kula mchana. Mvua ilikuwa inapiga bati tusisikilizane, madirisha yamefungwa, kuvu imepanda mpaka juu ya mlango. Yai alianza kwa kukohoa, nikamwona anainua mabega, anavuta hewa kwa shingo. Hilo tumelizoea. Akaenda dirishani, akachukua pampu, akaitikisa. Akaitikisa tena. Akaweka mdomoni akabonyeza, na ikatoa kitu kama mluzi wa mtu asiyejua kupiga mluzi.

Akanitazama. Hakuwa na pumzi ya kuuliza.

"Ilikuwa na dawa!" Mama alipiga kelele. "Juzi tu imenunuliwa! Yai, ilikuwa na dawa!"

Nilitoka bila viatu. Maji barabarani yalinifika magotini, mekundu, yamebeba takataka za dunia nzima. Nikakimbia. Kukimbia kwenyewe kulikuwa kupiga hatua na kuvuta mguu. Nilipopita kona kifua kilifunga. Hakikubana kama siku zote, kilifunga, kama mlango. Nikajiambia Chuma, jikaze, Chuma, mdogo wako anakufa kwa mkono wako. Chuma hakuitika.

Duka lilikuwa wazi, namshukuru Mungu. Muuza dawa alikuwa anakinga maji ya paa kwa ndoo. Nikashika kaunta.

"Pampu," nikasema. "Ya pumu. Haraka."

Akaichukua, akaifungua kwenye boksi, na badala ya kunipa akazunguka kaunta, akaniwekea mdomoni.

"Vuta."

"Si mimi. Ni mdogo wangu."

"Dada, unajisikia unavyopumua? Kifua kinalia kama paka. Vuta kwanza."

"Nimekwambia si mimi!"

"Hivi ulivyo hutafika kwake. Midomo imeshabadilika rangi. Vuta, halafu nenda kwa mdogo wako."

Nikavuta. Mara ya pili pia. Nimesimama pale miguu mitupu, machozi yananitoka, namchukia yule mtu kwa kuniokoa wakati Yai hajaokolewa. Kisha nikarudi ndani ya maji.

Mama alikuwa amemkalisha Yai kitandani, amemwegemeza kifuani kwake, anampepea kwa mfuniko wa sufuria. Kucha za Yai zilikuwa za kijivu. Mkono wangu ulimwekea pampu mdomoni bila kutetemeka hata kidogo. Akavuta, akavuta, akavuta. Rangi ilirudi pole pole, kwanza masikioni. Mama akasema Alhamdulillahi mara nyingi, kisha akaenda kutapika.

Tulipobaki wawili nikamwambia. Sikutafuta maneno. "Yai, mimi ndiye niliyeimaliza."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Pampu yangu naiweka mdomo ukiangalia ukuta, vumbi lisiingie. Nikitoka kuoga naikuta imegeuka." Alipumzika kidogo. "Tangu mwezi uliopita."

"Na hukusema?"

Akaigeuza ile pampu mpya mkononi.

"Nilifurahi, Dada. Mungu anisamehe. Miaka yote mnanifungia humu, nikajua sasa kuna mwenzangu upande wa pili wa mlango. Nilitaka useme mwenyewe." Akaanza kulia. "Sikujua imebaki kidogo hivyo."

Tumelia wote kijinga, huku kila mmoja anamwambia mwenzake asilie, itamletea kubanwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Niliingia ofisini kwa Profesa kabla sijavaa koti la maabara.

"Mzima 9 ni mimi," nikasema. "Mgonjwa 22 ni mdogo wangu. Tumezaliwa tumbo moja. Sikuchanganya kitu."

Profesa alivua miwani. Akamwita nesi, nesi akathibitisha, Bwana Grafu akaitwa na yeye, akasimama mlangoni ametumbua macho. Akasema: "Nilisema wanafanana kama ndugu." Utadhani ni yeye aliyegundua.

Profesa alikasirika, na alikuwa na haki. Nimekaa zaidi ya wiki mbili namwacha aitilie shaka kazi ya kila mtu. "Uliulizwa kama unakohoa. Ukasema hapana."

"Niliona ni moshi tu. Nilijiambia mwenyewe hivyo, Profesa, kabla sijamdanganya nesi."

Alinitazama, akavaa miwani. Kundi la Jumatatu halitatupwa. Mzima 9 anaondolewa. Hahesabiwi na wazima kwa kuwa si mzima, na kwenye wagonjwa hawezi kuingizwa katikati ya safari. Nilimwona Bwana Grafu akiifuta nukta ile kwa kidole kimoja, ikatoweka. Sijui kwa nini ilinichoma.

"Na mkataba?" nikauliza, maana aibu nilikuwa nimeshaimaliza.

"Mikono yako ni safi," Profesa alisema. "Utaongezewa. Ila leo unaanzia kliniki, si maabara. Ukirudi bila pampu yako mwenyewe usiniingilie humu."

23 Aprili

Nimemwambia Mama. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani kasema? Ile mashine?"

"Mashine, na daktari, na kifua changu."

"Wewe? Wewe, Chuma?" Akanishika mkono akaubinyabinya juu mpaka chini, kama anayetafuta palipopasuka. Usiku kucha nimesikia kitanda chake kikilia.

24 Aprili

Mama kanipokonya ndoo ya maji.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua inakaribia kwisha lakini bado haijaondoka. Jiko bado linaingia ndani.

Anayepika sasa ni Mama. Nimemsihi, Yai kamsihi, tumemwambia mwisho wa mwezi nitaleta jiko la gesi. Anasema mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi, leo tunakula nini? Jioni anatuswaga chumbani wote wawili, anavuta komeo, anaziba chini kwa kitambaa. Nipo kitandani naandika. Yai yupo kitanda cha pili, anachezea simu, anacheka peke yake.

"Karibu kwenye kibanda cha kuku," kaniambia siku ya kwanza. Dirishani sasa kuna pampu mbili. Yangu ameifunga uzi mwekundu, na zote mbili midomo inaangalia ukuta.

Sikujua kwamba humu ndani kunasikika kila kitu. Sufuria, mwiko, magoti ya Mama yakilia akiinama. Miaka yote Yai alikuwa akinisikiliza hivi, nami nikidhani nipo peke yangu kule.

Sasa hivi Mama amekohoa.

Tumetazamana. Akakohoa tena, kikohozi kirefu, chenye mluzi mwishoni. Mluzi huo naufahamu. Ni wangu.

"Mama!" nikaita.

"Moshi tu!" akajibu, kabla sijauliza chochote.

Niliruka nikasukuma mlango. Komeo limeshika. Nimegonga, nimemwambia afungue, anasema subirini moshi uishe, msije mkaniugulia, na katikati ya maneno anakatika kutafuta pumzi. Nikaegemeza paji la uso kwenye mbao. Yai akashuka kitandani, akapiga magoti karibu yangu, akavuta kile kitambaa. Akachukua pampu yake dirishani, akaisukuma kwa vidole chini ya mlango, mpaka ikapita.

Kule jikoni kukawa kimya. Mwiko ulisimama. Tulisubiri tumeshikana mikono.

Kisha tukasikia: psss.

Halafu komeo likafunguliwa.